Mshale wa joto la injini: kwa nini husimama katikati, na lini usiuamini

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTU anapokabidhiwa gari jipya, macho yake hayatazami barabara peke yake. Kila mlio kwake ni swali, na kila taa inayowaka kwenye dashibodi ni hofu. Miongoni mwa vitu vinavyowatia wasiwasi wamiliki wapya ni kile kipimo kidogo chenye herufi C upande mmoja na H upande wa pili, pamoja na picha ya kipimajoto kilichozamishwa kwenye mawimbi ya maji. Mwenye gari huona mshale umepanda hadi karibu na katikati, akajiuliza kama huo ni mwisho wa usalama au mwanzo wa hatari. Wapo wanaozima kiyoyozi na kuvumilia jua la Januari wakidhani wanaiokoa injini. Wapo pia waliokimbilia gereji siku ya pili tu, wakarudi nyumbani na gari lililoondolewa kifaa ambacho kiwandani kiliwekwa kwa makusudi.

Hapa nchini maneno "gari jipya" hayamaanishi lazima gari lililotoka kiwandani. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoteremshwa katika Bandari ya Dar es Salaam yamekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa, nayo huja na kitabu cha maelekezo cha Kijapani au bila kitabu kabisa. Mmiliki hana pa kusoma mshale wake unapaswa kusimama wapi. Humuuliza jirani, na jirani humjibu kwa uzoefu wa gari jingine.

Jibu fupi ni kwamba, katika magari mengi, mshale ukipanda hadi katikati au chini kidogo ya katikati baada ya mwendo wa dakika tano hadi kumi, kisha ukabaki hapo kwenye foleni, kwenye mwinuko na kwenye barabara kuu, injini ina joto linalotakiwa. Jibu refu lina mambo yanayoweza kumwepusha mtu na gharama ya kununua injini nyingine, na ndiyo sababu ya makala haya.

Injini inahitaji joto

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, moto wake kwa kitambo kifupi sana hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi. Aluminiamu, ambayo ndiyo iliyotengeneza silinda hedi ya magari mengi ya siku hizi, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa ni maji yanayosukumwa na pampu kupita katika mifereji iliyozunguka silinda, yakabeba joto hadi kwenye rejeta, yakapoozwa na upepo, kisha yakarudi tena. Sehemu kubwa ya nguvu iliyomo katika mafuta haifiki kwenye magurudumu. Hutoka kama joto, sehemu kupitia bomba la moshi na sehemu kupitia rejeta hiyo.

Hata hivyo, lengo la mfumo huo si kuifanya injini iwe baridi. Watengenezaji wengi hutaka maji ya injini yakae kati ya nyuzi 85 na 105. Chini ya hapo oili huwa nzito na haipiti upesi panapotakiwa, vyuma havijatanuka kufikia nafasi vilivyopimiwa, na unyevu unaoingia kwenye oili haupati joto la kutosha kugeuka mvuke na kutoka. Kompyuta ya gari nayo, ikiona injini bado ni baridi, huongeza petroli. Sehemu ya petroli hiyo haiungui. Huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kuchanganyika na oili iliyobaki. Injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta mengi na huchakaa mapema, ingawa mwenye gari huona mshale uko chini na kufurahi.

Msimamizi wa joto hilo ni themostati, kifaa kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia, maji yakazunguka ndani ya injini tu na kupata joto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi kwa magari mengi ya Kijapani, au zaidi kidogo kwa mengine, nta hutanuka na kusukuma mlango ukafunguka, maji yakaanza kwenda kwenye rejeta. Kuanzia hapo mlango huo hufunguka na kujifunga kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda na kushuka, safari nzima, bila dereva kujua.

Mshale usiosema yote

Hapa ndipo wamiliki wengi wa magari ya kisasa wanapodanganyika, na kosa si lao. Hudhani mshale ni kipimajoto kama kile cha hospitali, ambacho nyuzi moja ikipanda huonekana. Zamani ilikuwa hivyo. Katika miaka ya 1910 na 1920 nchini Marekani kilitumika kipimo kilichojulikana kama Boyce MotoMeter, kipimajoto halisi kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta, nje kabisa mbele ya boneti, dereva akakisoma kupitia kioo. Baadaye kipimo kikahamia ndani, lakini kwa miaka mingi mshale uliendelea kucheza: ukipanda mlima nao unapanda, ukiteremka nao unashuka.

Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 mambo yamebadilika. Kwenye injini kuna kihisi, ambacho mafundi hukiita sensa, kinachopitisha umeme kwa urahisi zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Kompyuta husoma umeme huo na kujua joto kamili, kisha ndiyo inayoamua mshale usimame wapi. Nayo imeelekezwa iushikilie mshale mahali pamoja maadamu joto liko ndani ya mipaka inayokubalika. Yapo magari ya Ulaya yaliyoandikwa namba 50, 90 na 130 kwenye kipimo chake. Mshale husimama juu ya 90 kama uliopigiliwa msumari, hali maji yenyewe yanaweza kuwa na nyuzi 80 au yamefika 105.

Sababu ya watengenezaji kufanya hivyo inaeleweka. Mshale unaocheza huwarudisha wateja dukani na gari zima lisilo na hitilafu yoyote. Mshale uliotulia huwapa usingizi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, usingizi huo una bei kubwa mno kwa dereva wa nchi yenye joto, milima na foleni, na namba halisi ingekuwa heshima zaidi kwa mnunuzi. Lakini ndivyo magari yalivyo, na mwenye gari hana budi kujua anachokitazama.

Maana yake ni hii: mshale wa katikati hausemi joto ni nyuzi ngapi, unasema tu kwamba kompyuta bado haijaona sababu ya kukusumbua. Na siku utakapouona umeanza kuacha mahali pake pa kawaida kuelekea H, usidhani joto ndiyo kwanza linaanza kupanda. Limekwisha kupanda kwa muda. Tofauti kati ya mshale kuondoka katikati na kugusa eneo jekundu inaweza kuwa dakika chache tu za kuendesha.

Anayetaka namba yenyewe anaweza kuipata. Chini ya usukani wa magari mengi kuna tundu la uchunguzi ambalo mafundi huchomeka mashine zao. Marekani ililifanya kuwa sharti kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na nchi nyingine zikafuata kwa nyakati zao. Kifaa kidogo cha bei nafuu kikichomekwa hapo huweza kutuma taarifa kwenye simu, na mwenye gari akasoma joto la maji kwa nyuzi. Katika gari zima lenye injini iliyokwisha kupata joto, si ajabu kuona 88 hadi 95 kwenye barabara kuu, na 95 hadi 102 au zaidi kidogo kwenye foleni kabla ya feni kuwaka na kuyashusha. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayaelewani na vifaa hivyo. Yafaa kukijaribu kabla ya kulipa.

Taa ya buluu

Magari mengine hayana mshale kabisa. Toyota Vitz, Toyota Passo na Honda Fit, ambayo yamejaa katika mitaa yetu, yana matoleo yenye taa mbili tu: ya buluu na nyekundu. Wamiliki wapya huogopa ile ya buluu inapowaka asubuhi. Haina ubaya. Inaarifu kwamba maji bado hayajapata joto, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam huzimika baada ya dakika chache za mwendo. Wakati inawaka, endesha taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Hakuna haja ya kusimama nje ya geti robo saa ukingoja izimike, kwani injini hupata joto upesi zaidi likiwa katika mwendo wa pole kuliko likiunguruma bila kwenda.

Taa ya buluu inayokataa kuzimika hata baada ya safari ya nusu saa ni jambo jingine. Huenda themostati imekwama ikiwa wazi, au iliondolewa na mmiliki au fundi aliyetangulia, au kihisi kimeharibika.

Taa nyekundu haina mjadala. Ikiwaka, joto limekwisha kuvuka mpaka. Gari la namna hii halimpi dereva onyo la kati, kwa hiyo mwenye nalo hana budi kukagua maji mara nyingi kuliko mwenye mshale. Katika mengi ya magari hayo taa nyekundu huwaka kwa sekunde chache ufunguo unapofunguliwa, kisha huzimika. Ikiwa haiwaki hata kidogo wakati huo wakati kitabu cha gari kinasema inapaswa kuwaka, ichunguzwe, kwa kuwa taa iliyoungua haiwezi kumwonya mtu.

Mabadiliko yasiyotisha

Kuna mambo yanayoonekana kama hitilafu lakini ni tabia ya kawaida. La kwanza ni feni ya umeme kuwaka na kuzimika yenyewe, hasa kwenye foleni au mtu anapowasha kiyoyozi. Ndiyo kazi yake. Katika magari mengi huwaka joto linapokaribia nyuzi 95 hadi 100, na katika baadhi ya magari huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya ufunguo kutolewa.

La pili huwashangaza wengi. Mtu ametoka safari, akazima gari, akaingia dukani dakika kumi, akarudi na kuwasha, akaona mshale uko juu kidogo kuliko alivyouacha. Injini ilipozimwa pampu ilisimama, maji yakabaki yametulia huku vyuma vikiendelea kuyapa joto lake. Baada ya dakika moja au mbili za mwendo mshale hurudi mahali pake. Usiporudi, hapo ndipo pa kuuliza.

La tatu ni la wenye magari ya dizeli, hasa makubwa. Kwenye mteremko mrefu, au likiunguruma bila kwenda asubuhi ya baridi ya Njombe au Mbeya, injini ya dizeli hutoa joto kidogo sana na mshale unaweza kushuka. Si ugonjwa, ilimradi unapanda tena gari linapofanya kazi.

Kifaa kinachotupwa gereji

Sasa turudi kwa yule aliyekimbilia gereji. Ipo imani iliyoenea kwamba themostati ni ya nchi za baridi, na kwamba hapa kwetu inafaa itolewe ili maji yapite muda wote. Wamiliki wengi wa magari yaliyotumika wanaendesha bila kifaa hicho pasipo kujua, kwa sababu kiliondolewa kabla hawajanunua.

Imani hiyo ina makosa mawili. Kwanza, joto la Dar es Salaam la nyuzi 32 bado liko mbali na nyuzi 90 ambazo injini inazitaka. Kwa injini, Dar es Salaam na Tokyo zote ni mahali pa baridi. Pili, na hili halijulikani sana, themostati za magari mengi ya Kijapani zina milango miwili katika kifaa kimoja. Mmoja unapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, mwingine huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukikitoa kifaa chote, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kuiona rejeta. Gari la namna hiyo huwa baridi mno kwenye safari nyepesi, na huweza kuchemsha likipanda mlima, yaani hupata hasara zote mbili.

Fundi anayeitoa huwa na sababu yake: gari lilikuwa linachemsha, na baada ya kuitoa likaacha kwa muda. Mara nyingi chanzo halisi kilikuwa rejeta iliyoziba kwa kutu, feni isiyowaka au pampu iliyochoka, na chanzo hicho kinaendelea kukua kimyakimya. Themostati ikiwa imekwama dawa yake ni kuwekwa nyingine yenye nyuzi zilezile, ambazo kwa kawaida zimechongwa kwenye chuma chake. Ukilinganisha na bei ya silinda hedi, ni kifaa cha bei ndogo.

Linachemsha wapi na lini

Mshale ukiacha mahali pake, jambo la kwanza la kukumbuka ni gari lilikuwa wapi na linafanya nini. Maelezo hayo humsaidia fundi kuliko maneno "gari linachemsha".

Gari linalopata moto kwenye foleni ya Barabara ya Mandela na kupoa mara linapopata mwendo, kwa kawaida lina tatizo la upepo: feni haiwaki, mkanda wa feni umelegea kwa magari yenye feni ya mkanda, au nafasi kati ya rejeta na kipozeo cha kiyoyozi imejaa majani na vumbi. Gari likikimbia, upepo wa mbele hufanya kazi ya feni, ndiyo maana hupoa.

Gari linalotulia mjini lakini mshale ukapanda kwenye mwendo mkubwa au mwinuko mrefu lina uwezekano mkubwa wa tatizo la maji: rejeta imeziba ndani, pampu haisukumi vya kutosha, au maji yamepungua. Mlima Kitonga mkoani Iringa umekuwa mtihani wa rejeta kwa miaka mingi. Magari hupanda kwa gia ndogo, injini ikizunguka kwa nguvu, mara nyingi nyuma ya lori linalokwenda mwendo wa miguu, na upepo wa mbele ni mdogo. Gari lenye rejeta iliyoziba nusu linaweza kuzunguka Dar es Salaam mwaka mzima bila dalili, likaumbuka hapo.

Gari linalochemsha ndani ya dakika chache tu tangu kuwashwa linaelekeza kwenye themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au kwenye ukosefu mkubwa wa maji.

Lipo na la nne, ambalo ni la hatari zaidi kwa sababu linafurahisha. Gari limekuwa na mshale wa katikati, kisha katikati ya safari mshale ukaporomoka ghafla hadi C. Dereva hudhani injini imepoa. Huenda mpira wa rejeta umepasuka na maji yote yamemwagika. Kihisi kimetengenezwa kupima maji, na kikibaki hewani hakiwezi kusoma sawasawa, hivyo mshale hushuka huku vyuma vikiungua. Ukiona hivyo kwenye injini iliyokwisha kupata joto, simama mahali salama, zima na utazame chini ya gari.

Mlima, shinikizo na aina ya maji

Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Kila mtu anapopanda mita 1,000, kiwango hicho hupungua kwa nyuzi tatu na kitu. Jijini Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 94. Namba hiyo iko ndani ya joto la kawaida la injini. Kwa nini basi magari ya Mbeya hayachemki kila siku?

Jibu liko kwenye kifuniko cha rejeta. Si kizibo tu. Kina springi inayozuia mvuke kutoka mpaka shinikizo lifike kipimo fulani. Namba kama 0.9 au 1.1 iliyoandikwa juu yake ndiyo kipimo hicho. Kwa shinikizo la 1.1, maji matupu katika usawa wa bahari hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 na zaidi. Springi ikichoka au mpira wake ukikatika, kinga hiyo yote hutoweka. Gari lenye kifuniko kibovu na maji matupu linaweza kuanza kuchemka Mbeya kabla hata feni haijawaka, na mshale, ambao umeelekezwa kutulia hadi nyuzi 105, ukaonyesha katikati wakati maji yanabubujika kuelekea kwenye tangi la akiba. Watu hununua rejeta nzima kwa sababu ya kifuniko.

Kulanti, yaani yale maji maalumu ya rangi, husaidia kwa njia hiyo hiyo. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, mchanganyiko huchemka karibu nyuzi 106 hata bila shinikizo. Katika nchi za baridi faida yake kubwa ni kwamba hauwi barafu mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri, jambo ambalo halituhusu, na ndiyo maana wengi hudhani kulanti yote haituhusu. Inatuhusu kwa sababu ina dawa ya kuzuia kutu. Maji ya bomba, na zaidi maji ya kisima chenye chumvi kama vilivyo vingi ukanda wa pwani, huacha magadi ndani ya mirija myembamba ya rejeta na kula aluminiamu. Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyosafishwa kama ya betri, lakini si asidi ya betri, ambayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

Dawa hiyo huisha nguvu. Kwa mfano, Toyota husema kulanti yake ya rangi ya waridi inayowekwa kiwandani ibadilishwe kwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Ile nyekundu ya zamani muda wake ni mfupi zaidi. Rangi pekee isikupumbaze, kwani kila kampuni huchagua yake, na chupa mbili za kijani zinaweza kuwa na dawa zisizopatana. Anayenunua gari lililotumika, asiyejua lilijazwa nini, hupata nafuu akiusafisha mfumo wote na kuanza upya.

Mshale ukipanda

Mshale ukianza kusogea juu ya mahali pake, zima kiyoyozi. Kisha fanya jambo linaloonekana kama wazimu: washa hita kwa joto la juu na feni yake kwa nguvu zote, fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo, nayo huondoa sehemu ya joto kwenye injini. Hiyo ni njia ya kukufikisha mahali salama pa kuegesha, si ya kumalizia safari. Mshale ukifika eneo jekundu, taa nyekundu ikiwaka au mvuke ukitoka chini ya boneti, egesha na uzime injini mara moja. Kila dakika ya kuendelea huinyonga silinda hedi. Aluminiamu hutanuka takribani mara mbili ya chuma cha kawaida, hivyo hedi iliyofungwa kwa nguvu juu ya bloku ya chuma hujikunja, gasketi iliyo katikati ikaungua, na maji yakapata njia ya kuingia kwenye silinda au kwenye oili.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa na nyuzi 110 au 120, na kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo. Kifuniko kinapolegezwa shinikizo huondoka, maji hugeuka mvuke kwa mkupuo na kumrukia aliyeinama juu yake usoni na kifuani. Kitambaa mkononi hakizuii hilo. Ngoja angalau nusu saa, na zaidi ikiwa mpira wa juu wa rejeta bado ni mgumu au wa moto ukiugusa. Ukiwa baridi na laini, zungusha kifuniko kidogo kidogo, ukisimama kila kinapolia. Usimwagie injini ya moto maji baridi kwa ndani wala kwa nje, kwani chuma kilichopata moto sana huweza kupasuka.

Baada ya kuongeza maji na kufika gereji, usikubali kuambiwa tu kwamba maji yalikuwa yameisha. Maji hayaishi yenyewe katika mfumo uliofungwa, yametoka mahali. Mafundi watazame kama kuna mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma, moshi mweupe usiokoma, au oili iliyogeuka kama chai ya maziwa chini ya kifuniko chake. Dalili yoyote kati ya hizo huelekeza kwenye gasketi. Gari lililochemsha sana hata mara moja lafaa kupimwa hata kama linatembea vizuri. Mmiliki asitarajie kulipiwa: bima kubwa kwa kawaida hulipa ajali na wizi, si kuharibika kwa mitambo.

Kwa aliyepokea gari wiki hii, kazi ya kuanza nayo haihitaji fundi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tazama tangi la akiba kama maji yako kati ya alama ya chini na ya juu, kisha tazama sakafu ulipoegesha kama kuna tone la rangi. Endesha nusu saa, mjini na penye mwinuko kama upo, ukiwa na kiyoyozi kimewashwa. Ukirudi, simama injini ikiunguruma hadi usikie feni imewaka na kuzimika mara mbili. Mshale ukiwa umetulia muda wote huo, mwombe mtu aliyekaa pembeni aupige picha kwa simu. Picha hiyo ndiyo ya kulinganisha nayo miezi sita baadaye, utakapodhani mshale umesogea na usiwe na hakika.